Santuri Mbele ya Wazazi

Tulimzika Moraa mwezi wa nane, kwa mumewe huko Ukambani, katika udongo mwekundu mkavu usiofanana hata kidogo na ule wa kwetu. Kijana aliyeletwa kupiga muziki alikuwa na spika ndefu kuliko mlango wa nyumba, na tangu asubuhi alipiga kila aina ya wimbo, wa dini na usio wa dini, bila kupumzika. Wajukuu walitikisa mabega, baba zao wakatikisa mabega, na mke wa kijana mmoja wa pale akacheza hatua mbili tatu mbele ya baba mkwe wake huku ameshika sinia la chai. Hakuna aliyeshtuka. Ni mimi tu niliyeshtuka, na nilijua kwamba huo ni uzee wangu. Kijana yule aliniona nimemkodolea macho, akadhani nataka wimbo. "Shosho, nikuwekee gani?" akaniuliza, maana ndivyo vijana wa leo wanavyomwita bibi. Kuna mwaka mmoja tu maishani mwangu ambao ningeweza kulijibu swali hilo bila kufikiri, na mwaka huo nilikuwa nikilala chumba kimoja na huyu tuliyekuja kumzika.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo imeanza. Chumba chetu kilikuwa Nyanchwa, chini ya kilima, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja Msabato aliyeitwa Mama Bosibori. Kilikuwa na kuta za udongo zilizopakwa chokaa, kitanda kimoja, na dirisha la mbao lililotazama migomba yake. Moraa alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Mimi nilisimama nyuma ya kaunta katika duka la Bwana Maganlal mjini Kisii, duka la vitambaa, taa za mafuta, vipuri vya baiskeli na, kwenye kona karibu na mlango, santuri. Jioni tulipika kwa zamu: ugali wa wimbi, na chinsaga, mboga yetu chungu, tuliyoilaza kwenye maziwa mpaka uchungu wake ukalegea. Siku ya Ijumaa jua likikaribia kutua tulizima jiko, maana Mama Bosibori hakutaka moshi wala kishindo katika Sabato yake. Siku ya pili kwaya zikaanza kuteremka kutoka kanisani juu ya kilima, na Moraa, binti wa mzee wa kanisa, akazifuata kwa sauti ya pili huku amelala chali, macho yamefumbwa. Nilipenda kumsikiliza kuliko nilivyopenda santuri yoyote ya dukani, lakini sikumwambia. Wasichana wa rika letu walitaniana tu, hawakusifiana.

Bwana Maganlal alikuwa na gramafoni ya kukodisha kwa harusi, na mtu aliyezoea kuandamana nayo alipata kazi Nairobi akaondoka bila kuaga. Harusi iliyofuata ilikuwa imekaribia, na mimi ndiye peke yangu niliyejua santuri gani imo katika jalada gani. "Wewe nakwenda," tajiri akasema, kana kwamba ananituma posta. Mkewe, Mama Savita, alikuwa akikunja vitambaa nyuma yetu. Bila kuinua macho akasema, "Kwanza tazama nani nakaa kiti. Baadaye ndiyo tia santuri." Nilidhani ni maneno ya kujazia. Sasa nimezeeka na najua kwamba ufundi wote wa kazi ile aliumaliza katika sentensi hizo mbili, na yeye hakuwahi kuhudhuria harusi hata moja ya Kikisii.

Basi Jumapili baada ya Jumapili nikawa napanda basi na sanduku la gramafoni, betri ya gari, na kipaza sauti chenye mdomo kama wa tarumbeta, ambacho vijana wa pale nilipokwenda walikitundika mtini. Watu walikuja kuona msichana anayepiga santuri kama wanavyokuja kuona ndama mwenye miguu mitano. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ugumu ulikuwa watu. Kwenye ua mmoja utakuta bibi asiye na jino, mzee wa kanisa, mwalimu aliyerudi jana kutoka mjini, na watoto wanaogombea mfupa, na wote wanataka wafurahi, na kila mmoja kwa wimbo wake. Nilijifunza haraka kuanza na kwaya wakati watu wanakula, maana hakuna anayeikataa kwaya mdomo ukiwa umejaa. Baadaye nyimbo za akordioni, ambazo wazee walizicheza walipokuwa vijana na ambazo ziliwafanya wasahau magoti yao. Baadaye tena, gitaa. Nilijiona fundi.

Nyamache ndiko nilikoanguka. Kulikuwa na santuri mpya iliyopigwa na vijana wa gitaa kwa lugha yetu wenyewe, Ekegusii, mwanamume anamsihi msichana amfungulie mlango kwa kuwa nje kuna baridi, kisha anaeleza watakavyoota moto. Dukani ilikuwa ikinunuliwa kama chumvi. Niliiweka baada ya nyama kugawanywa, na vijana wakapiga kelele za furaha. Kisha nikaona benchi la wazee likiinuka. Hawakugomba, hawakunitazama. Baba wa bwana harusi, mama wa bibi harusi, wakwe wa huku na wakwe wa kule, kila mmoja akashika njia yake kimya kimya, sahani wameziacha na nyama ndani yake. Kwetu mtu kuacha nyama si jambo dogo. Niliitoa ile santuri haraka nikaweka kwaya, lakini ungefikiri naweka mfuniko juu ya maziwa yaliyokwisha kumwagika. Siku ile hapakuwa na wa kutoa neno la baraka, na bibi harusi alilia mpaka usiku ukaingia.

"Ulidhani wamechukia hiyo gitaa?" Mama Bosibori aliniuliza niliporudi. Tulikuwa jikoni kwake, yeye anamenya ndizi, nami nimeinamisha kichwa. Alisema kwa Ekegusii, lakini naandika kwa lugha ninayoandikia. "Hao wote wameota moto huo unaoimbwa, vinginevyo hao watoto wangetoka wapi? Wimbo hauna makosa. Makosa ni kuusikia na mkwe wako ameketi hapo. Hizo ni chinsoni, mwanangu. Mzazi na mtoto hawaonyeshani mambo ya mwili, wala hawayasikii pamoja. Nyanya na mjukuu, sawa, hao watataniana mpaka kuche. Lakini baba na binti, mama na mume wa binti yake, hapana. Hukufundishwa kwenu?" Nilifundishwa. Lakini nilifundishwa juu ya mlango wa nyumba, juu ya kitanda, juu ya kuoga mtoni. Hakuna aliyenifundisha juu ya gramafoni, kwa sababu waliotufundisha hawakuwa nayo.

Tangu siku hiyo nikawa na dawa yangu. Niligundua kwamba rumba za Kongo zilichezeka na kila mtu kwa sababu maneno yake hakuna aliyeyaelewa, na asiyeelewa hana cha kuonea aibu. Pengine yalikuwa machafu kuliko ya vijana wetu, hatukuuliza. Nilirudi chumbani nikamwambia Moraa kwamba nimezishinda chinsoni kwa Kilingala, na tukacheka mpaka Mama Bosibori akagonga ukuta. Kweli niliona kwamba hata katika harusi hizo wazee waliondoka mmoja mmoja rumba zikikolea, lakini nilidhani wamechoka. Mtu akiwa kijana humdhania mzee uchovu kwa kila kitu.

Wakati huo Moraa alikuwa amempata Mutua. Alikuwa bwana shamba wa chai kule Nyamache, Mkamba, mpole, Mkatoliki, mwenye viatu visivyotoka matope. Baba yake Moraa, Mzee Nyakundi wa Kebirigo, hakuwa na neno baya juu ya kijana mwenyewe. Alichokataa ni umbali, na kanisa, na wajukuu wasiojua lugha ya nyumbani. Watu wa Mutua walisafiri kutoka kwao wakaja kuzungumza, na katikati ya mazungumzo mzee akainuka akaenda kuangalia ng'ombe, asirudi. Wakaja tena, akainuka tena. Mara ya tatu nilikuwapo. Mimi na Moraa tulikuwa jikoni, moshi machoni, tumesimama kila mmoja na mwiko wake bila kukoroga chochote, tunasikiliza kupitia ukutani. Safari hiyo mama wa Mzee Nyakundi, bibi mkongwe aliyekuwa bado na ulimi, alikuwa amemwambia mwanawe asubuhi kwamba anataka kumwoza mjukuu wake kabla yeye mwenyewe hajafa, na mzee alikubali. Siku ya karamu ikapangwa. Kisha tukasikia sauti ya mjomba wa Mutua, nzito, ya Kiswahili kilichonyooka. "Mzee, mara mbili tumekuja umetuinukia. Hatukusema kitu. Lakini siku hiyo mbele ya watu wetu, ukituinukia tena, tutajua hilo ndilo jibu. Tutainuka na sisi, na kijana wetu, na huko kanisani kwetu hakutafungwa ndoa." "Nimesikia," akasema Mzee Nyakundi. Moraa aliushika mkono wangu kwa nguvu hata kucha zikaniingia.

Usiku wa kuamkia safari ya kwenda kwao kwa karamu, Moraa alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda, nami nimetandaza santuri zote juu ya blanketi. "Kerubo," akasema, "sitaki uniletee blanketi wala sufuria. Nifanyie kitu kimoja tu. Tata asiinuke mpaka atoe neno." Tata kwetu ni baba. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilizipitia santuri zile kama mama anayechambua wishwa kwenye mchele wa mgonjwa. Chochote cha lugha yetu kisichokuwa cha dini, nje. Chochote cha Kiswahili chenye kupenda na kukumbatiana, nje. Sauti za wanawake zinazolia kimahaba, nje, hata kama ni za Kilingala, maana kilio hakihitaji kufasiriwa. Nikabaki na kwaya, akordioni, na rumba chache za taratibu ambazo hata mchungaji angeweza kuzisindikiza kwa kijiko. Moraa alizitazama zile zilizobaki, akasema, "Umetengeneza matanga." Tulicheka, lakini kidogo.

Karamu ilikuwa Jumapili mchana, uani kwa mzee, chini ya turubai, karibu na chai yake changa aliyoanza kuipanda. Watu wa Mutua walikuja kwa basi walilolikodi, wamevaa vizuri, wamekaa upande mmoja. Wetu upande mwingine. Na katikati, kwenye kiti cha mbao chenye mikono, Mzee Nyakundi ndani ya koti jeusi, kofia juu ya goti. Sikumtazama bibi harusi siku ile. Nilitazama kiti. Kwaya zilipita salama. Watu walikula wali, nyama, ugali wa wimbi na ndizi. Wageni wakaionja chinsaga wakakunja uso kwa adabu. Akordioni ilipoanza, wazee wa pande zote mbili walicheza, kila mmoja kwa miguu ya kwao, na nilimwona mjomba wa Mutua akitabasamu. Mzee Nyakundi hakucheza, mzee wa kanisa hachezi, lakini hakuinuka. Nikaweka rumba ya kwanza, taratibu kabisa. Bado yuko. Nikaanza kupumua.

Ndipo yule bibi mkongwe, nyanya yake Moraa, akaweka bakora yake chini. Alikwenda moja kwa moja kwa mjukuu wake akamvuta mkono. Na kwa nini asimvute? Nyanya na mjukuu ni watani. Hakuna chinsoni kati yao. Watu wakashangilia. Bibi alicheza akiwa ameinama, anatikisa kiuno ambacho sijui alikuwa amekihifadhi wapi, anamwambia Moraa kwa sauti, "Tikisa, au huko wanakokupeleka watasema tumewapa mti!" Moraa alicheka, akatikisa. Kisha bibi akamshika Mutua, akamsukumia kwake, akaiweka mikono ya kijana kiunoni pa binti. Nikageuza shingo kutazama kiti. Mzee Nyakundi alikuwa ameinuka. Alivaa kofia, akaupa ua mgongo, akapita kando ya jiko akapotea nyuma ya nyumba.

Niliinua sindano. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Katika kimya kile nikamsikia mjomba wa Mutua akiburuta kiti chake. "Haya," akawaambia watu wake. "Mmejionea wenyewe. Chukueni vitu." Wanawake wao wakaanza kukusanya mikoba. Moraa alikuwa amesimama pale pale katikati, mikono ya Mutua bado imemshika, ananitazama mimi. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyeangusha mtungi na bado anausikia unaanguka. Nilijua ni kosa la santuri zangu, na nilijua nimemvunjia ndoa rafiki yangu. Niliogopa sana. Nilikimbia nyuma ya jiko nikimfuata mzee, jambo ambalo msichana wa kwetu hafanyi, nikiwa sina hata neno moja la kumwambia.

Hakuwa ameenda kwa ng'ombe. Hakuwa ameenda popote. Alikuwa amesimama hatua chache tu nyuma ya jiko, mahali migomba ilipoanzia, ameupa ua mgongo, mikono nyuma. Aliposikia miguu yangu hakugeuka. "Mbona umezima?" akauliza.

"Tata, umeinuka. Wageni wanaondoka."

"Wanaondoka kwa nini?"

"Walisema ukiinuka ni jibu."

"Wewe ni mtoto wa hapa," akasema. "Baba ataketi vipi akitazama binti yake ameshikwa kiuno? Nikiketi pale, binti yangu itabidi aache kucheza. Mama yangu ana haki ya kumchezesha. Mimi nina kazi moja, nayo ni kuondoka machoni. Siku zile niliinuka ili wasimchukue. Leo nimeinuka ili acheze." Kisha akasema, "Rudi. Waambie sijaenda mbali. Na uweke ule ule, ulikuwa mzuri."

Nilirudi mbio. Sikumbuki nilisema vipi. Najua nilisimama mbele ya mjomba wa Mutua, mtu wa kimo changu mara mbili, nikamweleza kwa Kiswahili kilichokatikakatika kwamba kwetu baba hatazami binti yake akicheza, kwamba angekaa ndipo wangepaswa kuogopa, kwamba mzee yuko nyuma ya jiko na hatatoka pale mpaka muziki uishe. Alinisikiliza huku mkoba wa mkewe uko mkononi mwake. "Yuko hapo nyuma kweli?" akauliza. Nikamwambia aende akaone. Akaenda, peke yake. Aliporudi alimkabidhi mkewe mkoba, akaketi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Nimemkuta amesimama. Hata kiti hana." Akaniambia, "Weka, mama. Weka mpaka wachoke."

Niliweka. Nilipiga zile rumba chache zote, na zilipokwisha nikazianza upya, na hakuna aliyelalamika. Nimeshaenda karamu nyingi tangu wakati ule, nyingine zikiwa na bendi nzima, na sijawahi tena kuona watu wakicheza namna ile, wajukuu na mabibi, Wakisii na Wakamba, huku mama yake Moraa na shangazi zake wamejifungia ndani wakinywa chai kwa heshima. Nilielewa wazee wa zile harusi nyingine walikuwa hawajachoka. Walikuwa wametupisha. Mwanamume mmoja wa Ukambani aliinuka kabla ya jua kutua, akachukua kiti cha mbao chenye mikono, akakipeleka nyuma ya jiko bila kuambiwa na mtu.

Muziki ulipokoma Mzee Nyakundi alirudi. Aliomba sala fupi, akawawekea mikono kichwani Moraa na Mutua, akatoa neno: waende, wazae, warudi kutembea. Watu wakaitikia amina za makanisa mawili. Jioni hiyo nilikuwa nikikunja nyaya karibu na mti wakati alipokuja akasimama kando yangu, anatazama kule chai yake ilikoota, kana kwamba tumekutana kwa bahati tu. Alilotaka kuniuliza lilikuwa jambo ambalo baba hakupaswa kuliuliza, wala mimi, msichana wa umri wa binti yake, sikupaswa kulijibu.

"Huyo mtoto," akasema polepole. "Amecheza?"

"Amecheza, Tata."

"Vizuri?"

"Vizuri sana. Hata wale wageni walisimama wakamwangalia."

Alishika kofia yake, akaizungusha kidogo mikononi. "Na kijana. Amemshika namna gani?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa maana niliona kwamba hapa ndipo kazi yangu yote ya siku ile ilipokuwa. "Amemshika taratibu, Tata. Alikuwa akiangalia chini, asije akamkanyaga."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, bado ameukaza uso kule kwenye chai, kisha akaivaa kofia yake.

"Basi," akasema. "Na mimi nimemwona."